Kidude cha soketini na uniti zako

Kila baridi ya Juni ikiteremka Rau na watu wakaanza kuwasha hita za kuogea, swali ni lile lile: "Fundi, kile kidude cha kupunguza umeme kinafaa? Jirani anacho." Hakifai. Nimeshalijibu barazani, nje ya kanisa, na hata msibani kwenye foleni ya chakula. Leo naliandika ili nipumue.

Kidude chenyewe mnakijua: kiboksi cheupe cha plastiki, unakichomeka kwenye soketi, kataa ka kijani kanawaka. Fungua skrubu zake. Ndani kuna kapasita moja na vipande vichache vya kuwashia kataa hako, basi. Na kataa nako kanakula umeme.

Muuzaji, hata hivyo, si mjinga. Anawasha friji, anabana waya kwa klampu mita, mnasoma ampea 1.0. Anachomeka kidude, ampea zinashuka hadi 0.7. Wewe shuleni ulifundishwa kwamba nguvu ni volti mara ampea, kwa hiyo unapiga hesabu kichwani: 230 mara 1.0 ni wati 230. 230 mara 0.7 ni wati 161. Karibu theluthi imeokolewa! Unatoa hela.

Umelizwa na hesabu yako mwenyewe. Volti mara ampea inakupa wati halisi kwa vitu vya ukinzani mtupu kama pasi, jagi la umeme na hita. Friji ina mota, mota ina koili, na koili huchukua sehemu ya umeme kujenga usumaku kisha ikaurudisha kwenye laini, mara 100 kwa sekunde. Mkondo huo wa kwenda na kurudi unapita kwenye waya na klampu inauona, ila haupoozi hata nyanya moja. Friji yetu ya ampea 1.0 inaweza kuwa inatumia wati 130 tu. Kapasita kazi yake ni kuupokea na kuutoa mkondo huo pale pale soketini, ndiyo maana ampea za kwenye waya zinapungua. Wati zinabaki 130. Na mita ya LUKU inahesabu wati mara saa. Ampea haina habari nazo. Viwanda vinavyotozwa kwa kVA, yaani kwa volti mara ampea, vinafunga makapasita makubwa na vinafaidika kweli, lakini nyumba yako ya vyumba vitatu haitozwi hivyo.

"Lakini mimi niliona uniti zimeongezeka." Ulinunua lini? Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na kwa kawaida inakatwa unaponunua kwa mara ya kwanza katika mwezi. Ukafunga kidude tarehe 10, ukanunua tena kwa hela ile ile, uniti zikaja nyingi, sifa ikapewa plastiki.

Usiniamini mimi, iulize mita. Ina taa nyekundu inayopiga, na kwenye uso wake pameandikwa idadi ya mipigo kwa uniti moja, mara nyingi 1000 imp/kWh. Zima kila kitu, acha friji peke yake ikiwa inaunguruma. Kwa wati 130 taa itapiga mara moja kila sekunde 28 hivi. Chomeka kidude, hesabu tena. Ukiona tofauti yoyote ya maana niite, nitakuja kwa miguu yangu.

Kuna imani nyingine, ndugu wa hiyo: eti jioni umeme ukiwa mdogo uniti hazitembei. Jagi la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta ampea 8.7. Gawa 230 kwa 8.7, ukinzani wake ni kama ohm 26. Volti zikishuka hadi 190, ukinzani huo huo utapitisha ampea 7.2 na wati zitakuwa 1,370 hivi. Mita inapunguza mwendo, kweli. Ila maji yaliyochemka kwa dakika tano sasa yanataka saba na ushee, na muda wote huo jagi linavujisha joto. Uniti ni zile zile na chenji juu. (Na tafadhali, msipime ohm za balbu ya nyuzi ikiwa imezimwa kisha mje kunigombeza. Ya wati 100 ikiwa baridi inasoma kama 40. Ikiwaka ni 529.)

Haya, ya kufanya. Hita ya papo kwa papo ya wati 5,500 inavuta ampea 24, na kuoga dakika 10 ni karibu uniti nzima, sawa na friji ile kuunguruma saa saba. Weka swichi yake kwenye joto dogo na uoge haraka. Ipe waya wake, milimita 6 za mraba, na breka yake. Maharage yapike kwa gesi. Mpira wa mlango wa friji ukilegea, badilisha. Balbu za nyuzi toa, weka LED. Soketi ya ampea 13 mwisho wake ni wati 2,990, kwa hiyo jagi la 2,000 na pasi ya 1,200 visikae kwenye ekstensheni moja; plagi ikipata moto mkononi, chomoa na uite fundi siku hiyo hiyo. Walio kundi la D1, lile la watumiaji wadogo wa nyumbani, waangalie wasivuke uniti 75 kwa mwezi. Kidude mrudishie aliyekuuzia, kama bado yupo pale ulipomwacha.