Mkataba umetumwa kwenye simu? Weka maoni kabla ya sahihi



Msimu wa parachichi ukikaribia, wanunuzi wanaanza kutuma mikataba kwenye makundi ya WhatsApp. Watu kumi wanafungua faili, mmoja anasema "kipengele cha tano hakijakaa sawa", mwingine anatuma sauti ya dakika tatu. Baada ya siku mbili hakuna anayekumbuka nani alisema nini, mnasaini hivyo hivyo.

Njia nzuri ni kuweka maoni juu ya sentensi yenyewe. Google Docs inafanya hivyo bure, hata kwenye simu.

Jinsi ya kufanya:

1. Mwombe mnunuzi faili la Word. Picha ya karatasi haitafaa, maana huwezi kuchagua maneno yake.
2. Lipakie kwenye Google Drive, lifungue kwa Google Docs.
3. Waalike wenzako kwa barua pepe zao. Wape ruhusa ya kutoa maoni, sio ya kuhariri, ili mtu asifute kipengele kwa bahati mbaya.
4. Shikilia kidole kwenye neno, vuta hadi sentensi yote ichaguliwe, kisha chagua kuongeza maoni.
5. Ukitaka mtu fulani ajibu, andika @ na barua pepe yake. Atapata taarifa.

Sasa, maoni yawe na kazi. Tuseme mkataba unasema: "Mnunuzi atapokea matunda yenye ubora." Ukiandika "hapa sielewi", hujasaidia. Andika hivi: "Ubora upi? Tuweke uzito wa chini wa tunda, nani anapanga madaraja, na upangaji ufanyike shambani mkulima akiwepo." Hapo mnunuzi ana kitu cha kujibu.

Vipengele vya kukagua kwanza:

- Bei kwa kilo, na ni ya daraja lipi.
- Mzani utakuwa wapi, na nani anashuhudia.
- Malipo yanaingia siku ngapi baada ya mzigo kuondoka.
- Nani analipa wachumaji na usafiri.
- Matunda yaliyokataliwa yanakuwa ya nani.

Tahadhari mbili, na hizi ndizo zinazogharimu watu hela.

Kwanza, kila aliyepewa ruhusa ya kutoa maoni kwenye faili anasoma maoni yote. Mkiandika "hata akitoa 1,500 tutakubali" na mnunuzi yumo, mazungumzo ya bei yameishia hapo. Jadilianeni kwenye nakala yenu, halafu mtengenezee mnunuzi nakala nyingine yenye maoni mliyokubaliana tu.

Pili, maoni sio mkataba. Mnunuzi anaweza kujibu "sawa, tutalipa ndani ya siku 14", lakini kama ndani ya mkataba bado imeandikwa "baada ya mauzo", utakachosaini ni "baada ya mauzo". Na ukichapa karatasi, kwa kawaida yale maoni ya pembeni hayatoki. Kwa hiyo kila mlichokubaliana kiingizwe kwenye maneno ya mkataba wenyewe. Kabla ya kusaini, someni upya nakala ya mwisho mkiilinganisha na orodha ya maoni yenu, moja baada ya jingine.

Mkikwama kwenye kipengele, kipelekeni kwa afisa ugani wa kata, ushirika au mwanasheria wakati kalamu bado iko mfukoni.