Mkonga Haufi kwa Uzee

Tanzania hakuna injini ya dizeli iliyosifiwa kama 1HZ ya Toyota, na sifa hizo ndizo zinazoiua. Mwulize fundi yeyote habari za Land Cruiser mkonga, lile gari lenye bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo hadi usawa wa paa. Atakujibu, "Bosi, hii haifi." Mwenye gari huondoka na jibu hilo, akaendesha msimu hadi msimu bila kufungua boneti ila kuongeza maji. Siku injini inapokufa, chanzo huwa ni kitu ambacho kingerekebishwa nyumbani kwa asubuhi moja ya Jumamosi.

Toyota ilianza kuuza Land Cruiser 70, ambayo ndiyo mkonga wetu, mwaka 1984, na injini ya 1HZ ikaingia mwaka 1990. Ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa cc 4,164. Haina tabo wala kompyuta, na pampu yake ya dizeli ni chuma, springi na mafuta tu. Kwa sababu hiyo gari hili lilipelekwa kwenye hifadhi za wanyama, hospitali za wilaya, misheni na mashirika ya misaada, mahali ambapo mashine ya kusoma hitilafu ingekuwa mzigo usio na kazi. Sasa yale ya miaka ya 1990 yameshatoka mikononi mwa taasisi na kununuliwa na wakulima, wafugaji, wafanyabiashara wadogo wa utalii na wastaafu. Mnunuzi hupewa funguo. Daftari la matengenezo hapewi.

Kwa hiyo anza na mkanda wa taimingi. Katika 1HZ, krenki huzungusha pampu ya dizeli kwa gia za chuma, kisha mkanda hutoka kwenye pampu kwenda juu kuzungusha kamshafti. Mkanda wenyewe ni mfupi na uko mbele kabisa, nyuma ya kifuniko kinachoshikwa na bolti chache. Huhitaji hata kung'oa puli ya krenki. Ni nadra kukuta injini ya dizeli iliyomrahisishia mwenye gari kazi hii kiasi hicho, na bado ndiyo kazi inayosahaulika kuliko zote.

Mkanda huo unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ipo taa ya kukumbusha kwenye dashibodi. Lakini taa hiyo hutegemea hesabu ya kilomita. Waya wa spidomita ukikatika, hesabu husimama, na taa haitawaka hata gari lizunguke nchi nzima. Wapo pia wanaong'oa balbu ili gari liuzike. Mkanda ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu hugongana na pistoni, na kuanzia hapo unazungumzia kufungua silinda hedi. Kama hujui mkanda uliopo ulifungwa lini, uhesabu kuwa umekwisha.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Zungusha krenki kwa spana hadi alama za taimingi zikutane, kisha ziongezee alama zako za rangi nyeupe. Toa mkanda, kagua rola ya kukazia, na ikilia au kuchezacheza uifunge mpya. Ukishafunga mkanda mpya, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili na uhakikishe alama zimerudi mahali pake. Ukihisi kitu kigumu kinazuia, simama hapo hapo. Stata isiguswe kabla ya hatua hiyo.

Baada ya mkanda, adui wa pili ni mafuta yenyewe. Pampu ya 1HZ hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina kilainishi kingine. Ukiitilia dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, vyuma vinasagana vikavu. Wanaokumbuka hali ilivyokuwa kabla EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, haijaanza kuweka vinasaba vya kubaini uchakachuaji kwenye mafuta mwaka 2010 wanajua pampu ngapi ziliharibiwa namna hiyo. Maji nayo hufanya uharibifu ule ule, na hayo hayahitaji mwizi. Huingia kwenye pipa lililoachwa wazi shambani, au hutokana na jasho la tangi linalokaa nusu tupu usiku wa baridi.

Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo cha kumwagia maji. Kifungue kila mwezi, kinga kwenye chupa inayoonyesha, acha itulie uone. Taa ya filta ikiwaka barabarani, usisubiri kufika nyumbani. Unapobadilisha filta, jaza mpya dizeli safi, kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake hadi iwe ngumu. Hapo hewa imetoka na gari litawaka bila kuchosha betri. Ila usifungue pampu ya dizeli wala nozeli nyumbani. Hizo zinahitaji mashine ya kupimia na chumba kisicho na vumbi, na fundi pampu mzuri anastahili kila shilingi anayotoza.

Oili ni rahisi: injini inameza zaidi ya lita 9, ibadilishe kila kilomita 5,000 kwa barabara zetu za vumbi, na usinunue filta ya bei ya kutilia shaka. Gerezani pale Kariakoo zimo nzuri na bandia kwenye rafu moja. Oili chafu usiimwage mtaroni.

Kuhusu maji ya rejeta nina msimamo mkali. Maji ya bomba peke yake ni sumu ya polepole: hutia kutu ndani ya bloku, na kutu hiyo huenda kuziba mirija ya rejeta. Tumia kulanti. Osha rejeta kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, ukisukuma matope kutoka upande wa injini kwenda nje. Sindano ya joto ikipanda mlimani, simama. Ile tabia ya "tusogee kidogo hadi kijiji kile" ndiyo inayopasua silinda hedi.

Mkonga nao haueleweki vizuri. Wengi wanauona kama kibali cha kuingia mtoni, kumbe kazi yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu yenye vumbi pungufu. Haufai kitu kama kibana cha mpira unaouunganisha na boksi la filta kimelegea. Pitisha kidole ndani ya bomba, baada ya filta. Ukikuta vumbi, ringi za pistoni zinasagwa sasa hivi.

Halafu ingia chini mbele. Ekseli ya mbele ni ya chuma kizima, na magurudumu hukata kona kwa mpira mkubwa wa chuma uliojaa grisi. Ukiona uji mweusi unaotiririka kwenye upande wa ndani wa tairi, ujue oili sili ya ndani imekufa, oili ya difu imeingia kwenye grisi, na joint inayozungusha gurudumu sasa inaogelea kwenye kitu kisichoilinda. Kazi hii ni chafu na inachukua siku nzima, lakini haina siri. Unahitaji soketi ya milimita 54 kwa nati ya habu, grisi ya molibdeni, sili mpya, na matambara mengi. Beringi za magurudumu zioshe, zikague, zijaze grisi kwa kiganja hadi itokee upande wa pili. Yote hayo gari likiwa limekaa juu ya stendi imara mbili, na magurudumu ya nyuma yamezuiwa. Jeki ni ya kuinulia. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuokota spana.

Nimeona watu wakinunua mkonga wa zamani, na pesa ya kwanza ikaenda kwenye rangi, bampa na tairi pana. Kama wewe ndiye unayenunua mwezi huu, nakuomba ubadili mpangilio huo: fungua kifuniko cha mkanda wa taimingi kwanza. Rangi itasubiri.