Kuutambua Mti wa Msambu

Anayeingia kwa mara ya kwanza katika misitu ya mvua ya Usambara Mashariki, karibu na Amani, huona mashina marefu yaliyonyooka, na majani yaliyo juu mno. Miti yote humwonekea kuwa ya aina moja. Mwenyeji atamwonyesha mmoja na kumwambia, “Huu ni msambu.” Elimu hiyo ni ya thamani kubwa; lakini kwingineko nchini mti huo huo huitwa mkani. Kwa sababu hiyo wanasayansi hutumia jina moja kila mahali: Allanblackia stuhlmannii. Je, tutajuaje kwamba mti ulio mbele yetu unastahili jina hilo?

Dalili za kuchunguza

Tuanze na majani. Msambu ni mti mkubwa unaoweza kupita mita 30, hivyo mara nyingi hutubidi kutumia tawi lililoanguka. Majani yake ni mazima, magumu kiasi kama ngozi, na hukaa mawili mawili yakielekeana kijitini. Dalili hii peke yake huiondoa miti mingi. Mvule na mtambara, kwa mfano, majani yake hupishana, moja huku na jingine kule.

Pili, utomvu. Mvule hutoa utomvu mweupe, na mtambara hutoa mwekundu. Msambu umo katika familia ya Clusiaceae, ambayo miti yake mingi hutoa utomvu wa manjano. Hata hivyo, jenasi ya Garcinia nayo imo katika familia hiyo, na majani yake pia huelekeana. Kwa hiyo majani na utomvu hutufikisha kwenye familia tu. Kwenye spishi bado.

Dalili ya tatu ni tunda. Tunda la Garcinia kwa kawaida halizidi chungwa. La msambu ni la rangi ya hudhurungi, huweza kufikia urefu wa sentimita 30 na uzito wa kilo kadhaa, na ndani yake mna mbegu nyingi zenye mafuta yanayofikia nusu ya uzito wake au zaidi.

Mti “tasa”

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Maua ya kiume na ya kike ya msambu hayakai katika mti mmoja. Mti wa kiume huchanua, lakini hauzai kamwe. Asiyelijua jambo hili huuita tasa na kuukata, kisha hushangaa miti iliyobaki inapopungua kuzaa, kwa kuwa chavua imekosekana. Kosa hilo halirekebishwi upesi, maana mbegu za msambu hukawia kuota kwa miezi mingi, pengine hata kupita mwaka.

Jina huweza kusahihishwa

Mwaka 1895 mtaalamu wa Kijerumani, Adolf Engler, aliuita mti huu Stearodendron stuhlmannii. Sehemu ya kwanza, yenye asili ya Kiyunani, maana yake ni “mti wa mafuta”; ya pili ni kumbukumbu ya msafiri Franz Stuhlmann. Baadaye Engler mwenyewe aliuhamishia katika jenasi ya Allanblackia, iliyokwisha kuelezwa mwaka 1867. Haikuwa aibu kwake, kwani jina la kisayansi ni hoja inayosimama juu ya ushahidi.

Ushahidi huo ni kielelezo: tawi lililokaushwa, lenye maua au tunda, pamoja na maandishi ya mahali, tarehe, kimo cha mti, na rangi ambazo hupotea tawi likikauka. Inafaa nakala zake zihifadhiwe katika vituo zaidi ya kimoja. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, hifadhi ya mimea ya Berlin iliungua kwa mabomu, na vielelezo vingi vya Afrika Mashariki vikateketea.

Zoezi kwa shule

Mwalimu na wanafunzi wachague mti mmoja ulio karibu na shule, wasioujua kwa hakika. Wautembelee kila mwezi kwa mwaka mzima, wakiandika hali ya majani, maua na matunda, pamoja na jina wanalolitumia wazee wa mahali hapo. Wasiharakishe kuupa jina la kisayansi. Mwaka ukiisha bila tunda, wasiseme kwamba mti huo ni tasa. Watazame kwanza maua yake.