Hifadhidata Tawanyifu Ndani ya Tarakilishi Moja: Mfano wa Druid

Mwanaisimu anayetaka kujua ni lini neno "utandawazi" lilianza kushamiri katika magazeti ya Kiswahili, na ni gazeti lipi lililotangulia kulikumbatia, huhitaji mambo mawili: matini zenye tarehe, na chombo cha kuzihesabu. Matini si haba. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, katika toleo lake la 2.0, ina takribani maneno milioni 25. Chombo ndicho kinachowatatiza wengi. Programu ya majedwali ya Excel haipokei zaidi ya mistari 1,048,576 katika jedwali moja. Kila neno likipewa mstari wake, korpasi hiyo itahitaji majedwali 24 yasiyojuana.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna hifadhidata tawanyifu ya uchanganuzi inavyoweza kusimikwa katika tarakilishi moja, kwa kurejelea Apache Druid. Hifadhidata huitwa tawanyifu pale ambapo kazi zake zimegawiwa tarakilishi nyingi zinazoshirikiana kupitia mtandao. Huwa ya uchanganuzi inapokusudiwa kuhesabu na kujumlisha mamilioni ya mistari kwa mkupuo, wala si kurekebisha rekodi moja moja kama ifanyavyo ile ya benki. Druid ilianza kuundwa mwaka 2011 katika kampuni ya Metamarkets, Marekani, na mwaka 2012 msimbo wake ukatolewa kwa umma bila malipo. Jina lake limetokana na mhusika wa michezo ya kuigiza ya tarakilishi, kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza maumbo ili atimize majukumu mbalimbali kundini. Jina hilo linasibu mno hali inayozungumziwa hapa, ambapo tarakilishi moja hulazimika kuvaa maumbo yote peke yake.

Maumbo hayo ni yapi? Watunzi wa mfumo huu wameyapa majina ya watu wenye vyeo. Yupo Router, mwelekezi anayempokea mgeni mlangoni. Yupo Broker, yaani dalali, ambaye hulichukua swali la mtafiti, akaligawa kwa wenye data, kisha akayakusanya majibu na kuyaunganisha. Historical ni mhifadhi. Ndiye anayeshika data iliyokwisha kupangwa. Coordinator ni mratibu anayeamua data ipi ikae kwa mhifadhi yupi. Overlord, bwana mkubwa, hupokea kazi za kuingiza data mpya na kumkabidhi MiddleManager, ambaye kwa Kiswahili hapana budi kumwita nyapara, kwani naye huajiri vibarua. Vibarua hao huitwa Peon. Msomaji wa Kenya hawezi kukosa kusikia humo mwangwi wa shamba la mlowezi, ingawa watunzi huenda hawakukusudia hivyo. Pembeni kuna wasaidizi watatu: ZooKeeper, ambayo huwajulisha wahusika nani yuko na nani ameondoka, ghala la maelezo, linaloorodhesha kila kipande cha data na mahali kilipo, na ghala kuu, ambamo nakala za kudumu hutunzwa.

Katika kampuni kubwa kila mhusika huweza kuwa na tarakilishi yake, pengine kumi. Katika tarakilishi moja wote huishi chumba kimoja, lakini hawaachi desturi ya kuzungumza kana kwamba wako mbalimbali. Kila mmoja ana mlango wake wenye nambari: mwelekezi 8888, dalali 8082, mhifadhi 8083, nyapara 8091, nao mratibu na bwana mkubwa wakichangia 8081. Ikiwa programu nyingine imetangulia kukalia mojawapo ya milango hiyo, mfumo hautawaka. Hapa ndipo wanaoanza hukwama, wakadhani wamepakua faili mbovu.

Usimikaji wenyewe si mgumu. Mfumo huu hutaka Linux, macOS au jamii yake. Mwenye Windows sharti apitie mfumo mwingine ulio ndani ya Windows, kama vile WSL. Java inayofaa kwa matoleo ya sasa ni 17. Faili iliyopakuliwa hufumuliwa, kisha amri moja, bin/start-druid, huwaamsha wahusika wote kwa pamoja. Amri hiyo isipowekewa mpaka huweza kutwaa hadi asilimia 80 ya kumbukumbu ya tarakilishi, na tarakilishi ya mwanafunzi yenye kivinjari kilichofunguka huanza kukokota. Ni busara basi kuamuru bin/start-druid -m 6g, ili wahusika wote wagawane gigabaiti 6. Baada ya muda mfupi mtafiti hufungua kivinjari, akaandika localhost:8888, akaonana na mwelekezi.

Suala la wakati linahitaji kuangaliwa kwa makini zaidi. Druid haikubali mstari usio na wakati. Kila kitu hupangwa kwanza kwa tarehe, kisha hukatwa vipande viitwavyo segimenti, na swali linalohusu mwaka 1998 halitagusa kabisa segimenti za 2005. Kwa magazeti hili ni jambo la heri. Kwa ushairi wa kale ni mtihani: Al-Inkishafi itapewa tarehe gani, ilhali wakati wa kutungwa kwake hukadiriwa tu? Mtafiti atalazimika kuweka tarehe bandia moja kwa matini zote za aina hiyo, na kuiweka karne inayokadiriwa katika safuwima nyingine. Kosa jingine ni kukata vipande vidogo mno. Magazeti ya miaka 10 yakikatwa kwa siku huzaa segimenti zaidi ya 3,600, kila moja ikiwa na maneno machache, hali kipimo kinachopendekezwa ni takribani mistari milioni 5 kwa segimenti. Kwa korpasi ya maneno milioni 25, kukata kwa mwaka kunatosha.

Ndani ya segimenti kuna jambo litakalomfurahisha mwanaleksikografia. Kila safuwima ya maandishi hujengewa kamusi. Maneno yote tofauti hupangwa kwa mfuatano, kila moja likapewa nambari, na katika mistari huandikwa nambari hizo tu. Kiunganishi "na" hata kikitokea mara laki tano huandikwa kwa herufi mara moja katika kamusi hiyo. Hata hivyo, kamusi hii haijui sarufi. Kwake "anasoma", "walisoma" na "hatutasoma" ni vidahizo vitatu visivyo na undugu wowote, na kwa lugha ambishi kama Kiswahili kamusi hufura upesi. Mzizi -som- sharti uchopolewe kabla, uwekewe safuwima yake. Kazi hiyo ni ya mwanaisimu.

Hatari iliyo kubwa zaidi imejificha katika kile kinachoweza kuitwa ufupisho. Wakati wa kuingiza data, Druid huweza kuunganisha mistari inayofanana. Neno "utandawazi" likitokea mara 14 katika gazeti moja siku moja, hubaki mstari mmoja wenye hesabu 14. Nafasi huokolewa, na majibu huja kwa kasi. Lakini sentensi 14 zilizolibeba neno hilo zimekwenda. Haiwezekani tena kuuliza lilitumiwa kwa sifa au kwa kejeli. Kwa mfanyabiashara anayehesabu mibofyo hilo si neno. Kwa mwanafasihi ni sawa na kubakiwa na faharasa kitabu kikiwa kimechomwa. Anayejali muktadha aache ufupisho, au aweke katika kila mstari nambari ya sentensi inayomrudisha kwenye matini.

Ni haki pia kusema kwamba maneno milioni 25 hayahitaji jeshi lote hili. DuckDB, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2019, hufanya hesabu hizo ikiwa programu moja tu isiyo na nyapara wala dalali. Anayesimika Druid katika tarakilishi moja anafanya mazoezi ya jukwaa kabla ya kupata ukumbi: anajifunza majukumu ili siku idara itakapopata seva kadhaa, awatawanye wahusika bila kuanza upya.

Mazoezi hayo yana upungufu ambao umewagharimu watafiti. Kwa kawaida Druid hunuia kuweka nakala mbili za kila segimenti kwa wahifadhi wawili, ili mmoja akianguka mwingine ajibu. Hapa mhifadhi ni mmoja, na diski ni moja. Ghala kuu, linalotarajiwa kuwa mbali na salama, ni kabrasha tu ndani ya diski ileile. Tarakilishi ikiibwa, vyote vimeibwa. Wapo wanaodhani wamejikinga kwa kunakili segimenti peke yake. Bila ghala la maelezo, mfumo mpya hautazitambua. Sharti mfumo uzimwe kwanza, kisha kabrasha liitwalo var linakiliwe zima kwenye diski ya nje. Matini asilia nazo, zile zilizochapwa kwa mkono ukurasa baada ya ukurasa, zikae mahali pa tatu, kwa kuwa ndizo pekee ambazo hakuna amri ya kuzizalisha upya.