Baiskeli ndegeni: Sentimita chache zaweza kumgharimu msafiri

MSAFARA wa baiskeli wa Tour d'Afrique, ulioanza mwaka 2003 kutoka Cairo, Misri, hadi Cape Town, Afrika Kusini, huwalazimu washiriki wengi kupeleka baiskeli zao kwa ndege. Kabla ya kukabili barabara yenyewe, wengi wao hukabiliana na kikwazo cha kwanza kwenye kaunta ya mizigo.

Mashirika mengi ya ndege huhesabu mzigo kuwa wa kawaida iwapo jumla ya urefu, upana na kimo chake haizidi sentimita 158. Uzito unaoruhusiwa daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23. Baiskeli nyingi hazivuki kiwango hicho cha uzito. Tatizo lake ni ukubwa.

Sanduku la kadibodi linalotumiwa na maduka ya baiskeli huweza kuwa na urefu wa sentimita 135, kimo cha 75 na upana wa 20. Jumla yake ni sentimita 230. Mzigo huo hutozwa ada ya ziada au huhesabiwa kama kifaa cha michezo, kwa kanuni zinazotofautiana kati ya shirika na shirika.

Njia ya kubaki ndani ya sentimita 158 ni kutumia sanduku la sentimita 66 kwa 66 kwa 26. Gurudumu la baiskeli ya safari, likiwa na tairi, huwa na kipenyo cha karibu sentimita 69. Hivyo upepo hutolewa na tairi kubanwa, au huvuliwa kabisa. Hata hivyo, fremu ya kawaida haiingii humo. Inahitajika fremu yenye viungio vinavyoigawa vipande viwili, au baiskeli ya kukunja yenye magurudumu madogo.

Mara nyingi wakati wa kufungasha, pedali, usukani, kiti na keria huondolewa. Pedali ya kushoto hulegezwa kwa kuzungushwa kwa mwelekeo wa saa, kinyume na ya kulia. Wasiojua hilo huharibu hesi zake. Kibadilisha gia cha nyuma hufunguliwa na kufungwa ndani ya fremu ili kisipinde. Kipande cha mti au plastiki huwekwa katikati ya ncha za uma zinazoshika gurudumu, zisije zikabanwa na mizigo mingine.

Baiskeli za umeme zina sharti zito zaidi: betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi katika ndege ya abiria.

Jambo la busara ni msafiri kupata kanuni za shirika lake kwa maandishi kabla ya kulipia tiketi, kisha kupima sanduku likiwa limeshajaa, pamoja na vishikio na magurudumu yake. Kadibodi iliyotuna sentimita mbili yatosha kuvuka kipimo.