Je, Wajua Nchi Iliwahi Kupimwa kwa Mizani?

Katika miaka ya 1690, Edmond Halley, mwanaastronomia ambaye nyota yenye mkia imepewa jina lake, alitaka kujua ukubwa wa Uingereza na Wales. Alichukua ramani nzuri kuliko zote alizoweza kupata, akaikata kwa kufuata mpaka, akaiweka kwenye mizani. Kisha akapima karatasi ya duara ambalo eneo lake alilijua, akalinganisha uzito. Jibu lake lilikuwa karibu ekari milioni 38.7. Vipimo vya leo vinatoa kama milioni 37.3. Kwa mkasi na mizani, kwa kweli alikaribia mno!

Ilibidi kungoja hadi mwaka 1854 ndipo Jakob Amsler, mwanahisabati wa Uswisi, alipobuni aina nyepesi ya chombo kilichostahili kazi hiyo: planimeta. Ni mikono miwili ya chuma iliyoungwa kwa bawaba. Ncha moja hukaa imara mezani. Ncha nyingine unaipitisha taratibu juu ya mpaka, mzunguko mzima, hadi unarudi ulipoanzia. Mkono huo wa pili umebeba kigurudumu kidogo kinachogusa karatasi, na siri yote imo humo. Fikiria gurudumu la toroli: ukilisukuma mbele linabingirika, ukilivuta kwa ubavu linaburuzika tu bila kuzunguka. Kigurudumu cha Amsler nacho hubingirika mkono unapofagia karatasi kwa upana, na huburuzika unapokwenda kwa urefu wake. Safari ya kwenda na ya kurudi zinafutana, kinachobaki ni kile kilichozungushiwa mpaka. Zidisha umbali uliobaki wa kubingirika kwa urefu wa mkono huo, umepata eneo. Hukuhesabu mraba hata mmoja, wala hukugusa katikati ya nchi. Mimi sijui chombo kingine kinachoficha hisabati nzito kiasi hicho ndani ya umbo jepesi namna hiyo.

Leo kazi hiyo hufanywa na kompyuta kwa picha za satelaiti. Hata hivyo, fungua vitabu viwili vya jiografia: kimoja kitakuambia Tanzania ina kilomita za mraba 945,087, kingine 947,303. Tofauti ni 2,216, na hakuna mkataba uliotuongezea hata shamba moja.

Chombo hupima mstari unaokipa. Ramani ya kipimo kidogo hunyoosha ghuba na rasi ambazo ramani kubwa huzionyesha zote. Ziwa nalo halitulii: kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili, likala mashamba ya pwani zake, na mwaka 2020 likafurika tena. Katika Ziwa Nyasa mstari wenyewe una ubishi: Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji, Malawi inasema unafuata ufuko wa upande wetu. Mpimaji akichagua mstari mmoja, amekwisha kuchagua jibu.

Lakini swali zito kuliko yote ni hili: maji yamo au hayamo? Kati ya kilomita za mraba zipatazo 947,300 za Tanzania, nchi kavu ni kama 885,800. Maji yanachukua 61,500, eneo linaloshinda Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Wagawe kwa eneo lote, unapata watu 65 kwa kilomita ya mraba. Wagawe kwa nchi kavu, wanakaribia 70. Anayepanga shule na visima kwa hesabu ya kwanza anawahesabia watu makazi juu ya maji.

Kuna mabadiliko ya kweli pia. Afrika ya Mashariki ya Wajerumani iliandikwa kuwa na kilomita za mraba 994,996. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, pembetatu ya Kionga kusini mwa mto Ruvuma ikapewa Wareno, na iliyobaki ikaitwa Tanganyika. Huko ni kupungua kwa kalamu. Singapore imeongezeka kwa mchanga: wakati wa uhuru mwaka 1965 ilikuwa na kilomita za mraba kama 581, leo imepita 730, kwa kufukia bahari.

Basi wewe mwalimu, mwandishi wa habari au mwanafunzi, unapoandika eneo la nchi, andika na mwaka wa kipimo, na useme wazi kama maji yamo.