Diski za 4K: Kompyuta mpya yaweza kukwamisha mtaji

MFANYABIASHARA anayeagiza kompyuta kwa ajili ya wateja wa sinema za nyumbani asidanganywe na kasi ya prosesa iliyoandikwa kwenye boksi. Katika diski za video, mashine ghali iliwahi kushindwa na ya mtumba.

DVD hazina taabu. Zilipoingia soko la Marekani mwaka 1997, kompyuta nyingi zilihitaji kadi maalumu ya kufungua picha zilizobanwa, la sivyo picha ilikatakata. Leo hata mtumba wa miaka 15 unazimudu, kwani picha ya DVD haizidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Deki ya nje ya USB na programu ya VLC, ambayo ni ya bure, zinatosha. Picha ikikwama, kagua kwanza lenzi chafu au umeme hafifu wa tundu la USB kabla ya kulaumu prosesa.

Kagua pia kanda. Sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara ni kanda ya 5, na deki nyingi za kompyuta hukubali kubadilishwa kanda mara 5 tu. Mwenye mali wa kwanza huenda alikwisha kuzimaliza zote!

Mtego wenyewe uko kwenye Blu-ray za 4K. Ili kucheza diski hizo kihalali, programu ya PowerDVD ilidai SGX, sehemu ya siri ndani ya prosesa za Intel inayolinda funguo za diski. Core za kizazi cha 7 hadi cha 10 zenye picha za ndani ziliweza kazi hiyo. Mwaka 2021, kwenye kizazi cha 11, Intel iliiondoa SGX. Prosesa za AMD hazikuwa nayo kabisa. Kwa hiyo Core i5 ya kizazi cha 7 iliweza kuonyesha sinema ambayo Core i7 ya kizazi cha 12 iliikataa, hata ukiiongezea kumbukumbu na kadi ya picha ya bei mbaya. Skrini nayo lazima ikubali HDCP 2.2.

Anayeuza mashine mpya kwa ahadi ya diski za 4K ajiandae kurudisha fedha. Mteja wa aina hiyo auziwe deki ya kuunganisha moja kwa moja na televisheni, lakini usijaze stoo: Oppo ilijitoa katika deki hizo mwaka 2018, na Samsung ikaacha kutoa mpya kwa soko la Marekani mwaka 2019.